Upime Kwanza Mguu Mzima

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na mimi ndiyo kwanza nimeacha kuamka kwa saa. Asanteni. Nimeitundika sebuleni hapa Likoni na inakwenda vizuri. Lakini kusema kweli, ningefurahi zaidi mngenirudishia futi yangu ya kitambaa, ile ya fundi cherehani iliyokuwa ikikaa mfuko wa kulia wa koti langu. Najua mmoja wenu anayo. Simtaji jina, mwenyewe anajijua.

Mmeniomba niandike machache juu ya kazi yetu ya tiba ya viungo, hasa magoti ya vijana wanamichezo, maana ndiyo mnayoletewa kila Jumatatu baada ya mechi za Jumapili. Haya, nitaandika. Vyeo nitaviruka, havijamponya mtu goti.

Nilianza Changamwe, katika chumba kimoja nyuma ya stoo, dirisha likitazama barabara ya malori. Lori likipita na kontena, kitanda cha mgonjwa kilisogea chenyewe. Aliyenipokea ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, aliyekuwa amekaa pwani miaka mingi na bado akisema "goti hii". Mimi binti wa Likoni, Kiswahili nimekinyonya ziwani mwa mama, nikamsahihisha siku ya kwanza, tena mbele ya mgonjwa. Alinitazama, akasema, "Sawa, Riziki. Goti hili. Sasa niambie goti hili lina nini." Nikababaika, sikujua hata pa kuanzia kugusa. Sikumsahihisha tena tangu siku hiyo.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tyubu ya baiskeli tuliikata vipande, mgonjwa akafungwa mguuni avute. Tulikuwa na mtungi wa plastiki uliojaa mchanga, taulo la kukunja na kuweka chini ya goti, chaki ya kuchora sakafuni, na futi ile. Mzee Wafula alinifundisha kupima paja kwa futi kabla ya jambo jingine lolote: sentimita kumi na tano juu ya pia ya goti, unatia alama kwa biro, unazungusha, unaandika kwenye kadi. Akasema misuli ya paja ndiyo walinzi wa goti, na ikinyauka goti limebaki peke yake. Nilidhani anapenda kuandika tu. Alikuwa na kadi nyingi kuliko wagonjwa.

Wengi walitufikia wakiwa wameshakandwa. Kulikuwa na bibi mmoja Magongo, mkandaji, mikono yake na mafuta yake ya halzeti ilijulikana mpaka Miritini. Mimi nilitaka tumkemee. Mzee Wafula akaenda kwake akiwa na sukari na majani ya chai, akamwomba jambo moja tu: goti lililovimba asiliguse wiki ya kwanza. Bibi akamwambia naye ana ombi lake, tuache kuwafokea watu waliotoka kwake. Wakaelewana, na mimi nikaacha kufoka.

Sasa nije kwa Athumani. Yeye ndiye sababu ya maandishi haya, na mwenyewe amenipa ruhusa.

Athumani alikuwa kijana wa miaka ishirini, winga wa timu ya Magongo, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Goti lake lilikwenda akiwa mazoezini. Mnajua lilivyo: ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama mikono iliyokunjwa kifuani, na ile ya mbele ndiyo huchanika mchezaji akigeuka ghafla huku mguu umekita chini. Daktari alisema imechanika nusu. Upasuaji wa kano siku zile ulikuwa hadithi ya watu wa mbali, basi akaambiwa apumzike, kisha afanye mazoezi kwetu.

Lakini Athumani alikuwa na mama, na mama yake alikuwa naye mmoja tu. Alimkataza hata kwenda dukani. Chakula kilimfuata kitandani, maji ya kuoga yakamfuata uani, na kwetu aliletwa mara moja kwa wiki, amesindikizwa. Mapenzi ya mama, nani atayalaumu? Miezi mitano ikapita hivyo. Ndipo kiwanda kimoja cha Changamwe, kilichokuwa kikiajiri wachezaji mpira, kikatuma neno kwamba watakuja kumwangalia Athumani kwenye fainali ya mtaa. Akicheza vizuri, anapata kazi na timu kwa pamoja. Baba yake alikuwa ameshafariki. Ile kazi ilikuwa ndiyo nyumba yao.

Alikuja wiki moja kabla ya fainali. Mzee Wafula alikuwa likizo kwao Bungoma, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, nami nikafanya kama tulivyozoea. Nikachora mstari wa chaki, nikamwambia aruke kwa mguu mzima, nikatia alama. Akaruka kwa mguu mbovu, nikatia alama. Zilikaribiana kabisa. Nikapima mapaja: kushoto arobaini na tisa, kulia arobaini na tisa, sawa kwa sawa. Maumivu hakuna, uvimbe hakuna. Nikaandika kwenye kadi, "Aruhusiwe." Athumani akanishika mikono miwili, "Dada Riziki, wallahi nikipata kazi, jezi ya kwanza ni yako."

Nilikwenda uwanjani siku hiyo na buibui jipya. Kipindi cha kwanza alipokea mpira pembeni, akageuka kumwacha beki, na beki mwenyewe alikuwa bado hatua tatu nyuma. Hakuna aliyemgusa. Alianguka peke yake, akalishika goti kwa mikono yote miwili, nami nikajua kabla hata hajapiga kelele. Mara hii kano ilikatika yote.

Jumatatu niliitoa kadi yake. Kila kitu kilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku ya kwanza, paja la mguu mzima: hamsini na nne. Siku niliyomruhusu, mguu huo huo mzima: arobaini na tisa. Ule mguu niliokuwa nikiutumia kama kipimo nao ulikuwa umenyauka kitandani pamoja na mwenzake. Niliisoma kadi upande kwa upande, kulia na kushoto, sikuisoma kwenda chini. Nilipolinganisha miguu miwili dhaifu nikaona imefanana, nikafurahi.

Mzee Wafula aliporudi nikamwonyesha, nikaanza kulia. Akasema, "Usililie hapa, wagonjwa wanaona." Akanipeleka stoo, akafunga mlango, akaniacha nilie nitakavyo kati ya magodoro. Nilipotoka aliniambia maneno mawili. La kwanza, kuanzia leo mgonjwa akifika, mguu mzima ndio upimwe kwanza, siku hiyo hiyo, kabla haujaharibika, na hicho ndicho kiwe kipimo mpaka mwisho. La pili, "Utamwambia kijana?"

Nikasema nitamwambia. Wiki ile Athumani alikuja na magongo, akakaa, akatabasamu kidogo, akasema, "Mungu hakupenda, dada. Tufanyeje." Nikaitikia, "Ndiyo, Mungu hakupenda." Mzee Wafula alikuwa amesimama mlangoni. Alistaafu miaka saba baadaye, na hakunikumbusha hata mara moja. Ningependa angenikumbusha.

Kadi ile niliiweka chini ya droo yangu. Nilipohamishiwa Kisauni nilikwenda nayo.

Huko Kisauni nyinyi mmefanya kazi nami, kwa hiyo sitawachosha. Vifaa vikaongezeka, tyubu za baiskeli zikageuka mipira ya kuvuta ya rangi rangi, na vijana wakaanza kuja na picha za MRI kwenye simu, wakijua majina ya kano kuliko mimi. Kisha ikaja ile sindano ya plazma. Mtu anatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka itengane, kisha yale maji ya manjano yenye chembe za kugandisha damu anadungwa nayo gotini, ili mwili ujijenge pale palipoumia. Mwezi wa Ramadhani kila mchezaji aliniuliza kama kutolewa damu kunafunguza, nikawaelekeza kwa sheikh wao, mimi najua magoti tu. Siipingi sindano hiyo. Nimeona iliowasaidia, nimeona isiowafaa kitu, na madaktari wenyewe bado wanabishana. Kano iliyokatika yote haiiungi. Ile ya nusu, huenda ikaisaidia na ikapunguza maumivu. Shida yake kwetu ni hiyo hiyo: maumivu yakiisha mapema, mgonjwa hudhani amepona, na paja halijarudi.

Asubuhi moja mlango wangu wa Kisauni ulifunguliwa na mwanamume wa makamo, anachechemea, nyuma yake binti mrefu amevaa viatu vya mpira.

"Dada Riziki," akasema, "umenisahau?"

Athumani! Alikuwa anaishi Mtopanga, anaendesha tuktuk, na jioni anafundisha timu ya wasichana ya mtaa. Tukasalimiana mpaka tukachoka. Kisha akamsogeza binti mbele. "Huyu Saumu wangu. Ana miaka kumi na saba. Goti, dada. Lile lile langu, upande ule ule."

"Shikamoo, bibi," Saumu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu upande kitandani."

Kano ya mbele, imechanika nusu. Daktari mmoja wa mjini alikuwa ameshampa sindano ya plazma. Nikapima mguu mzima kwanza, paja hamsini na moja. Nikamwambia aruke kwa mguu huo kutoka mstari wa chaki: sentimita mia moja na hamsini. Nikaandika. Athumani akaniuliza mbona napima mguu usioumwa. Nikamjibu kwamba ndiyo desturi yangu. Ningeweza kumwambia kila kitu pale pale. Nilizungusha futi.

Saumu alikuwa mtiifu kliniki na mvivu nyumbani, kama nyinyi nyote mlivyokuwa na vitabu vyenu. Mwezi wa tatu uvimbe haukuwepo, maumivu hayakuwepo. Ndipo Athumani akaja mbio. Shule moja ya bara yenye timu kubwa ya wasichana ilikuwa inatuma walimu kutazama mechi Bamburi, Jumamosi ya pili. Watachukua watatu, watawasomesha mpaka kidato cha nne kiishe. Saumu angekuwa ameacha shule kufikia hapo kama isingekuwa mpira, mimi nilijua hali ya nyumbani kwao.

Nikachora mstari. Saumu akaruka kwa mguu mzima, mia moja na ishirini. Akaruka kwa mguu mbovu, mia moja na kumi na saba. Athumani akapiga makofi. "Sawa kwa sawa! Umeona? Sindano imefanya kazi. Mwandikie, dada."

"Siandiki, Athumani. Bado."

"Bado nini? Si umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Mguu mzima ulikuwa unafika mia moja na hamsini. Umepungua. Wa upande wa pili umeufikia uliopungua, haujafika unapotakiwa. Miezi sita mingine, labda."

"Miezi sita walimu watakuwa wamekwenda zao!" Sauti ilimpanda. "Mbona mimi uliniandikia? Kwa chaki kama hii, kwa futi hiyo hiyo! Mimi kijana wa watu uliniruhusu, leo kwa mwanangu ndiyo umekuwa bahili wa kalamu?"

Saumu akainamisha kichwa. Ningeweza kusema utaalamu umebadilika, siku zile hatukujua. Lingekuwa neno jepesi, na angelikubali, maana alikuwa ananiamini. Halafu Jumamosi angemchezesha, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemfundisha kwamba goti ni kudra tu. Nikavuta droo ya chini, nikampa kadi.

"Soma hapa juu."

Akasogeza mbali na macho. "Hamsini na nne."

"Huo mguu wako mzima, siku ya kwanza. Shuka chini."

"Arobaini na tisa."

"Ni huo huo mzima, siku niliyokuruhusu. Miguu yote miwili ilikuwa imenyauka, nami sikutazama. Kuumia kwako mara ya pili ni kalamu yangu, Athumani. Nilijua Jumatatu ile ile, na sikukwambia."

Alisoma tena, polepole, kidole juu ya tarakimu. "Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

"Nami nikisema Mungu hakupenda."

"Mungu usimtie hapo. Hapo ni mimi. Nisamehe."

Aliikunja kadi, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Mlango hakuupiga. Afadhali angeupiga. Saumu akabaki kitandani, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi.

"Bibi, sasa mimi je?"

"Wewe vua hicho ulichovaa, tufanye mazoezi," nikamwambia.

Jumamosi ile nilikwenda Bamburi. Sikualikwa. Nilisimama nyuma ya watu, roho mkononi, nikiwatafuta wasichana mmoja mmoja kwa macho. Saumu hakuwemo uwanjani. Alikuwa amekaa kando ya mstari, ndala miguuni, leso ya mama yake mapajani, analia waziwazi, na Athumani amesimama kando yake akigawa maji kwa wachezaji. Aliniona. Hakunisalimu, na salamu kwetu hata adui hupewa. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya buibui, kwa furaha au kwa aibu sijui mpaka leo.

Walimu wale hawakurudi. Nalisema hili ili msije mkadhani ukifanya haki unalipwa papo hapo. Saumu alipoteza nafasi ile, na mimi ndiye niliyeikata; karo ikakosekana, akakaa nyumbani. Lakini kila Jumanne na Ijumaa tuktuk ilisimama getini, Saumu akashuka, baba yake akageuza bila kuzima injini. Uvivu wa nyumbani ulikwisha. Aliniambia baba yake anamsimamia kila jioni na saa mkononi. Mwezi wa tisa aliruka mia moja na hamsini na tano kwa mguu mzima, mia moja na hamsini na moja kwa ule mwingine. Nikaandika. Leo anachezea timu ya wanawake ya Kisauni misimu miwili sasa, goti limetulia, na alirudi darasani mwaka uliofuata kwa msaada wa wajomba zake. Amewahi kufunga goli kwa mguu ule ule. Nilipiga vigelegele mpaka refa akageuka.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mnakumbuka, mlikuwa mnapamba chumba cha mkutano na kunificha keki ambayo harufu yake ilifika mpaka getini. Nilikuwa natoa vitu vyangu kwenye droo. Injini ikazimwa nje. Athumani akaingia, akafunga mlango, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, ameifungua na kuifunga mara nyingi.

"Nilitaka nikuchukie," akasema. "Nimejaribu, dada. Miaka miwili mizima nimejaribu. Lakini kila nikimwona Saumu anakimbia, nashindwa."

Akainama, akakunja suruali mpaka juu ya goti. Sikuwa nimeliona tangu ujana wake. Paja lilikuwa limekonda vibaya.

"Kwa hivyo nipime na mimi," akasema. "Kama bado kuna la kufanya."

Nikachukua futi. Akanyoosha mguu mbovu. Nikamwambia hapana, upande wa pili kwanza. Nikatia alama ya biro, nikazungusha, nikaandika kwenye kadi ile ile, chini ya mistari yangu ya zamani. Nafasi ilikuwepo. Siku ile ndipo mmoja wenu aliingia kuniita kwenye keki, akaikuta futi mezani, na sikuiona tena.

Nimestaafu, lakini Jumanne na Ijumaa mgonjwa mmoja anavuka feri kuja Likoni. Ninampima kwa futi mpya, si nzuri kama ile. Anavuta kipande cha tyubu ya baiskeli barazani kwangu, analalamika, anakunywa chai yangu yote. Wiki iliyopita alikuja amechangamka: kuna mechi ya wazee Mtopanga Jumamosi, dakika kumi tu, nimwandikie. Nikaichukua kadi, nikaisoma kwenda chini, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Alikuwa ananitazama usoni.

"Bado, Athumani," nikasema.

Akakunjua mguu wa suruali, akaufuta vumbi gotini.

"Haya, dada," akasema. "Bado."